Obama, Gikomba na Ile Bei ya Katikati

Jumamosi moja nilienda Gikomba kuangalia tu. Nasema kuangalia, sio kununua, kwa sababu pesa pekee niliyokuwa nayo ilikuwa kwa simu na ilikuwa ya kodi. Kijana mmoja wa viatu akaniita, "Brathe, kuja uone," na kabla sijajipanga alikuwa ameniwekea pea tatu mbele yangu. Ya kwanza elfu nne. Ya pili elfu mbili. Ya tatu mia tano, lakini soli ilikuwa inacheka. Tukabishana kama dakika kumi hivi, nikatoka pale na ile ya elfu mbili kwa elfu moja mia nane, nikijiona mjanja kweli. Ni mpaka nilipokuwa ndani ya matatu ndio nikakumbuka: mimi sikuwa nimeenda kununua viatu.

Nimeikumbuka hiyo siku sana mwezi huu, kwa sababu nimekuwa nikisoma kuhusu miezi mitatu ya mwaka 2009 pale Washington, ambapo watu wenye akili na madaraka kunishinda walifanyiwa kitu kama hicho. Tofauti ni kwamba bidhaa haikuwa viatu. Ilikuwa wanajeshi wa kupelekwa Afghanistan.

Na aliyekuwa anapangiwa bei ni Obama. Wakenya wa rika langu tunamjua Obama kama jamaa. Tarehe 6 Novemba 2008 Rais Kibaki alitangaza siku ya mapumziko nchi nzima kwa sababu mtoto wa Mkenya ameshinda uchaguzi wa Marekani. Nilikuwa darasa la tatu. Tulikaa nyumbani, tukacheza mpira, mama akapika chapati. Hakuna aliyetuambia kwamba huyu tunayemshangilia anarithi vita viwili, na kwamba kimoja kati ya hivyo ameahidi kukiongeza.

Turudi nyuma kidogo ndio tuelewane. Marekani iliingia Afghanistan tarehe 7 Oktoba 2001, wiki chache tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Bunge lao lilikuwa limeshampa Rais Bush ruhusa ya kutumia nguvu mnamo Septemba 14. Seneti: kura 98 kwa 0. Baraza la Wawakilishi: kura 420 kwa 1. Huyo mmoja alikuwa mama anayeitwa Barbara Lee, mbunge kutoka California, na kwa hiyo kura moja alitishiwa maisha mpaka akapewa walinzi. Kwa hivyo tusidanganyane, hivi vita havikuanza vikiwa vinachukiwa. Vilipendwa. Taliban waliondolewa Kabul ndani ya wiki chache, watu wakapiga makofi, halafu mwaka 2003 Bush akahamisha macho, pesa na wanajeshi kwenda Iraq. Afghanistan ikaachwa ijipange.

Ilipofika 2009, Taliban walikuwa wamerudi vijijini. Miaka minane ilikuwa imepita. Kura kadhaa za maoni Marekani zilianza kuonyesha kwamba wanaopinga vita ni wengi kuliko wanaoviunga mkono. Nancy Pelosi, Spika wa Baraza la Wawakilishi na mtu wa chama cha Obama mwenyewe, alisema wazi Septemba ile kwamba haoni uungwaji mkono mkubwa wa kuongeza wanajeshi, si nchini wala bungeni.

Lakini Obama alikuwa ameshaanza kulipa. Kwenye kampeni alikuwa amesema Iraq ni vita vibaya na Afghanistan ndiyo vita vya lazima. Februari 2009, hata mwezi mmoja haujaisha tangu aapishwe, aliidhinisha wanajeshi 17,000. Machi akaongeza 4,000 wa kutoa mafunzo. Hao ni 21,000 kabla ya mjadala wenyewe kuanza. Mtu akishalipa kidogo kidogo namna hiyo, kusema "wacha tu, sitaki tena" inakuwa ngumu. Si unajua vile ukishatoa pesa ya kwanza kwa fundi unavyorudi kwake hata kama umeona kazi yake ni mbovu?

Mwezi wa Mei, Waziri wa Ulinzi Robert Gates akamwondoa jenerali aliyekuwa Kabul na nafasi yake ikachukuliwa na Jenerali Stanley McChrystal. Huyu alipewa kazi ya kuangalia hali na kuandika ripoti. Akaandika. Ripoti ni ya tarehe 30 Agosti, na ujumbe wake ulikuwa wa kutisha: bila nguvu zaidi, ndani ya miezi 12 hivi Marekani inaweza kufika mahali ambapo kuwashinda waasi haiwezekani tena.

Tarehe 21 Septemba ripoti hiyo ya siri ikatokea kwenye gazeti la Washington Post, kwa kalamu ya Bob Woodward. Nani aliivujisha, kila mtu ana nadharia yake. Mimi nataka uone tu kilichotokea baada ya hapo. Rais hakuwa ameamua lolote, lakini nchi nzima sasa ilikuwa inajua jenerali anataka nini. Ni kama muuzaji achukue kipaza sauti atangazie soko lote kwamba wewe ndiye mteja wa ile pea. Ukiondoka bila kununua, umeaibika mbele ya watu.

Halafu bei zikaja. Tatu.

Ya juu ilikuwa kama wanajeshi 80,000 na zaidi. Ya katikati ilikuwa 40,000. Ya chini ilikuwa kama 10,000, kazi yao iwe hasa kufundisha jeshi la Afghanistan.

Sasa hebu iangalie hiyo orodha pole pole. Ile ya 80,000 hakuna mtu aliyeichukulia kwa uzito. Jeshi lilikuwa bado limekwama Iraq na watu wa kujaza hiyo idadi hawangepatikana kwa urahisi. Hiyo ndiyo pea yangu ya elfu nne, imewekwa pale ili nyingine ionekane nafuu. Ile ya chini jenerali mwenyewe hakuitaka, hiyo ni ile ya soli inayocheka. Inabaki gani? Woodward aliandika baadaye kwamba Obama aliliona hili, akawalalamikia majenerali kwamba wanasema wamempa njia kadhaa ilhali ukweli ni kwamba wamempa moja.

Aliliona. Hapo ndipo hii hadithi inaniuma. Huyu si mtu aliyedanganywa kama mimi. Kwenye ikulu yake wakati huo kulikuwa na kitabu kinazunguka mikononi mwa washauri, cha Gordon Goldstein, kuhusu McGeorge Bundy na jinsi serikali za Kennedy na Johnson zilivyozama Vietnam hatua kwa hatua. Wamesoma, wanajua, wanakumbushana. Na bado.

Kitu ambacho hakikuwa mezani ni sifuri. Na hapo siwezi kumlaumu McChrystal, maana ni Obama mwenyewe aliyeiondoa. Tarehe 6 Oktoba alikutana na viongozi wa bunge wa vyama vyote viwili, akawaambia kwamba kupunguza jeshi kwa kiasi kikubwa si jambo linalofikiriwa. Kwa hivyo kabla ya mjadala kupamba moto, swali la "tukae au tutoke" lilikuwa limeshafungiwa nje ya mlango. Lililobaki ndani ni "ngapi."

Sio kwamba hakukuwa na wapinzani. Walikuwepo, na hoja zao hata leo ukizisoma unasema eeh.

Wa kwanza ni Joe Biden, makamu wa rais wakati huo. Hoja yake ilikuwa rahisi: tulikuja kwa sababu ya al-Qaeda, na al-Qaeda wako Pakistan. Mshauri wa usalama wa taifa, James Jones, ambaye ni jenerali mstaafu, alisema hadharani Oktoba ile kwamba wapiganaji wa al-Qaeda waliobaki ndani ya Afghanistan hawafiki hata 100. Mia moja! Wanafunzi wa madarasa mawili ya shule yetu ya msingi. Na hapo unaulizwa uongeze makumi ya maelfu ya askari juu ya wengine karibu 68,000 ambao tayari wako huko. Biden alitaka kazi ipunguzwe: wawindeni al-Qaeda, fundisheni jeshi la wenyewe, msijaribu kuijenga upya nchi nzima.

Lakini ona kilichompata Biden. Ili asikilizwe kwenye chumba kile ilibidi naye alete nambari. Akisaidiwa na Jenerali James Cartwright, wazo lake likageuka kuwa mpango wa wanajeshi 20,000. Yaani hata aliyekuwa anasema "tubadilishe kazi yenyewe" alimaliza akiwa ni bei nyingine kwenye rafu.

McChrystal naye alikuwa London tarehe 1 Oktoba akitoa hotuba, akaulizwa kuhusu mpango wa aina hiyo ya Biden, akaukataa hapo hapo mbele ya watu. Kesho yake Obama alikuwa Copenhagen kuiombea Chicago michezo ya Olimpiki ya 2016. Akamwita jenerali, wakazungumza ndani ya ndege ya rais. Chicago ilitolewa raundi ya kwanza, siku haikuwa yake kabisa.

Lakini mtu wangu kwenye hii hadithi yote ni Karl Eikenberry. Huyu alikuwa balozi wa Marekani Kabul, na kabla ya kuwa balozi alikuwa jenerali aliyeongoza majeshi ya Marekani huko huko Afghanistan. Kwa hivyo hakuna mtu angemwambia hajui vita. Tarehe 6 na tarehe 9 Novemba alituma nyaya mbili za siri Washington. Alichosema, kwa maneno yangu: Rais Karzai si mshirika wa kutegemewa. Anataka sisi tukae, hana haraka ya kubeba mzigo wake. Tukiongeza askari tutamfanya atutegemee zaidi, na siku ya kutoka itasogea mbali zaidi.

Na alikuwa na ushahidi wa juzi tu. Uchaguzi wa Afghanistan wa tarehe 20 Agosti ulikuwa umejaa wizi, mpaka tume ya malalamiko iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ikafuta kura za Karzai zinazokaribia milioni moja, akashuka chini ya asilimia 50. Ikapangwa duru ya pili ya Novemba 7. Mpinzani wake, Abdullah Abdullah, akajitoa Novemba 1 kwa sababu hakuamini duru hiyo itakuwa safi. Karzai akatangazwa mshindi siku iliyofuata. Sisi Wakenya tuliopitia Desemba 2007 hatuhitaji kuelezwa zaidi. Jiulize tu: kijana wa miaka 20 kutoka Ohio anaenda kufa Kandahar akitetea serikali ya namna hiyo, na mwanakijiji wa Kandahar ambaye kura yake imeibwa anatakiwa amshukuru?

Nyaya za Eikenberry nazo zikavuja. Majenerali walikasirika. Lakini ukiangalia vizuri, hakuna aliyejibu hoja yake. Walijibu kwamba wanahitaji 40,000.

Kulikuwa pia na Matthew Hoh, nahodha wa zamani wa jeshi la wanamaji aliyekuwa afisa wa kiraia mkoa wa Zabul, ambaye alijiuzulu Septemba akisema haelewi tena wanafia nini. Habari zake zilitoka Oktoba, zikazungumzwa siku mbili tatu, zikapita.

Upande wa pili kelele zilikuwa kubwa. Dick Cheney, makamu wa rais aliyekuwa ameondoka juzi na kuacha hivyo vita vikiwa vibovu, alisimama tarehe 21 Oktoba kumshutumu Obama kwamba anasitasita huku askari wako hatarini. Nampa heshima zake za uzee lakini jameni, huyu mzee alikuwa na ujasiri. Serikali yake ilikaa na hivyo vita zaidi ya miaka saba.

Pesa ndiyo ilikuwa karibu kuwaamsha. Ikulu yenyewe ilikuwa inatumia hesabu ya dola milioni moja kwa kila mwanajeshi kwa kila mwaka. Kwa pesa yetu ya wakati ule hiyo ni kama shilingi milioni 75 kwa askari mmoja. Mbunge David Obey, mwenyekiti wa kamati ya bajeti ya matumizi, akaleta wazo ambalo mimi nalipenda sana: sawa, tukiongeza vita, tutoze kodi ya vita. Kila Mmarekani aione kwenye payslip yake. Wazo lilikufa haraka. Walikuwa tayari kwa vita, si kwa kuvilipia.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Oktoba Obama alienda kambi ya Dover, Delaware, kupokea miili 18 iliyoletwa na ndege kutoka Afghanistan. Alisimama pale saa za usiku wa manane na kupiga saluti. Wapo waliosema ilikuwa siasa ya picha. Mimi siamini hivyo. Nadhani alikuwa mtu anayejua anachokaribia kufanya na alitaka kukitazama usoni.

Akafanya. Baada ya vikao kama kumi, tarehe 1 Desemba 2009 alisimama mbele ya vijana wa chuo cha kijeshi cha West Point akatangaza 30,000 zaidi, na kwamba kuanzia Julai 2011 wataanza kurudi nyumbani. Gharama ya mwaka ule pekee ilikadiriwa dola bilioni 30. Nchi za NATO zingejazia pengo. Kati ya 20,000 ya Biden na 40,000 ya McChrystal, 30,000 iko wapi? Katikati kabisa. Elfu moja mia nane.

Siku tisa baadaye alikuwa Oslo akipokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Hiyo sina la kuongeza.

Bunge lilinung'unika lakini halikukataa. Machi 2010 Dennis Kucinich alileta hoja ya kuondoa majeshi, ikaanguka kwa kura 65 dhidi ya 356. Julai pesa za nyongeza zikapita 308 kwa 114, na Wademokrati 102 wakampinga rais wao. Ni wengi, lakini hawakutosha, kwa sababu Warepublican walimwokoa.

Ilisaidia? Nitakuwa mkweli, sio kila kitu kilikuwa bure. Taliban walisukumwa nje ya sehemu za Helmand na Kandahar walizokuwa wakizitawala. Wapo wanaosema tatizo lilikuwa ile tarehe ya Julai 2011, kwamba ukimwambia adui utaondoka lini, atakaa kivulini akusubiri. Hiyo hoja ina uzito. Lakini nikiisoma vizuri naona inamrudia mwenyewe: kama mpango wako unafanya kazi tu ukikaa bila mwisho, basi ulitakiwa kuwaambia watu hivyo kabla ya kuwauzia 30,000. Februari 2010 waliuchukua mji wa Marja kwa operesheni kubwa na McChrystal akaahidi kwamba serikali iko tayari kwenye boksi, inafunguliwa tu. Boksi lilifunguliwa, ndani hamkuwa na kitu cha maana. Kile kile alichokisema Eikenberry.

Jumla ya Wamarekani huko ilifika karibu 100,000. Mwaka 2010 pekee walikufa karibu 500, mwaka mbaya kuliko yote ya vita hivyo kwa upande wao. Waafghanistan wenyewe, raia, walikufa kwa maelfu. McChrystal alifutwa kazi Juni 2010 baada ya jarida la Rolling Stone kuandika vile yeye na watu wake wanavyowasema viongozi wa kiraia. Osama bin Laden aliuawa Mei 2011, na alikuwa Pakistan, kwa nyumba ya ghorofa mjini Abbottabad. Biden akawa rais na tarehe 15 Agosti 2021 Taliban waliingia Kabul bila kupigana.

Sasa, kuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya zile pea tatu akauliza swali lingine. Ndiyo sababu hasa nimeandika haya yote.

Rudi Februari 1968. Vietnam. Marekani ina karibu wanajeshi nusu milioni huko. Mwisho wa Januari, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya wao inayoitwa Tet, wapiganaji wa Kikomunisti walishambulia miji karibu yote ya Vietnam Kusini kwa mpigo, mpaka ndani ya uwanja wa ubalozi wa Marekani pale Saigon. Walirudishwa nyuma kwa hasara kubwa, lakini Wamarekani waliokuwa wameambiwa kwamba ushindi uko karibu waliona kwa televisheni kwamba sio. Jenerali Earle Wheeler, mkuu wa wakuu wa majeshi, akarudi kutoka Saigon na ombi: zaidi ya wanajeshi 200,000. Idadi kamili ilikuwa karibu 206,000. Na humo ndani kulikuwa na ujanja wa soko pia, kwa sababu karibu nusu tu ya hao ndio walikuwa waende Vietnam mara moja, wengine walitakiwa kujaza akiba ya jeshi iliyokuwa imekauka.

Rais Johnson alimpa kazi hiyo waziri mpya wa ulinzi, Clark Clifford, aliyeapishwa Machi 1. Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta namna ya kuwapata hao watu. Sio kama, ni namna gani. Clifford alikuwa wakili, rafiki wa zamani wa Johnson, na wakati huo alijulikana kama mtu wa kuunga mkono vita. Lakini kuna jambo lilikuwa likimsumbua. Mwaka 1967 alikuwa ametumwa pamoja na Jenerali Maxwell Taylor kuzunguka nchi marafiki za eneo lile, Thailand, Australia, New Zealand, kuwaomba waongeze askari. Kila alikokwenda walimpokea vizuri, wakamlisha vizuri, na hawakutaka kuongeza. Majirani wa Vietnam, ambao ndio waliodaiwa kuwa watamezwa na ukomunisti, hawakuwa na hofu ya kutosha kutuma vijana wao. Wakili anakumbuka shahidi wa aina hiyo.

Kwa hivyo aliwaketisha majenerali na kuanza kuwauliza. Hawa 200,000 watatosha? Hawajui. Wasipotosha, wangapi tena? Hawajui. Adui anaweza kuongeza wake vile vile? Ndiyo, anaweza. Itachukua muda gani? Hakuna anayeweza kusema. Mpango wa kushinda ni upi? Ni kuendelea kumbana mpaka achoke. Kuna dalili amechoka? Hapana, si kwa kweli.

Hayo tu. Hakuna uchawi. Mtu mmoja aliyekataa kusema 100,000 ni bora kuliko 206,000.

Sisemi Clifford peke yake aligeuza mambo. Gazeti la New York Times lilifichua ombi hilo tarehe 10 Machi na nchi ikalipuka. Siku mbili baadaye Seneta Eugene McCarthy alipata asilimia 42 kwenye mchujo wa New Hampshire dhidi ya rais aliye madarakani wa chama chake. Wazee wa hekima waliokuwa wakimshauri Johnson aendelee waliitwa tena mwisho wa mwezi na wengi wao wakageuka. Tarehe 31 Machi Johnson alienda kwa televisheni, akapunguza mashambulizi ya ndege Vietnam Kaskazini, akatangaza nyongeza ndogo ya kama 13,500 tu, halafu mwisho wa hotuba akasema hatagombea tena urais. Vita havikuisha siku hiyo, viliendelea miaka mingine na maelfu ya watu wakafa. Lakini ile ngazi ya kuongeza, kuongeza, kuongeza, ilikatwa hapo.

Obama na watu wake walisoma kuhusu Vietnam. Nafikiri walisoma sura za 1965 wakaogopa, hawakusoma za Machi 1968 kwa makini.

Na sisi? Katiba yetu, kifungu cha 240, inasema wanajeshi wetu hawapelekwi nje ya nchi bila idhini ya Bunge. Iliandikwa 2010. Oktoba 2011 majeshi yetu yakavuka mpaka kuingia Somalia, na ilikuwa Desemba ndipo Bunge likaketi kuidhinisha wajiunge na kikosi cha Umoja wa Afrika. Mjadala ulifanyika watu wakiwa tayari wako vitani. El Adde, Januari 2016, tulipoteza vijana wengi kwa asubuhi moja na serikali haikututajia idadi, tukawa tunasikia nambari kutoka kwa wageni. Halafu Julai 2023 tukasikia tunapeleka polisi Haiti. Haiti sio vita rasmi, sawa, lakini ona mpangilio: nambari 1,000 ilitangazwa kwanza, Bunge likapiga kura Novemba, Mahakama Kuu ikasema Januari 2024 kwamba haiko sawa kisheria, na kundi la kwanza likatua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Hiyo tarehe hakuna kijana wa Kenya anayeihitaji kuelezwa. Tulikuwa barabarani.

Mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, alikuwa Somalia. Alirudi mzima, anafuga kuku sasa, hapendi maswali. Krismasi iliyopita nilijaribu. Nilikuwa nimesoma idadi fulani ya wanajeshi wetu kwenye kikosi kile, nikataka kujua kama ni ya kweli.

"Mjomba, hivi mlikuwa wangapi kule?"

Aliendelea kumwaga chakula cha kuku, nikadhani hatanijibu.

"Hiyo ya wote sijui, waulize wakubwa. Kwa lori yetu tulikuwa kumi na wanne."